NGOMA YA MWALI: ILIKUWA SALA KABLA HAIJAWA SHEREHE (Sehemu ya 6)

Sehemu iliyopita tulizungumzia hedhi ya kwanza. Nilijua kabisa swali litakalofuata, maana mimi ni wa Mtwara na wengi wenu ni wa huku, au mmeolewa huku. "Nesi, na unyago je? Mtoto achezwe au asichezwe?"

Nikiwajibu kwa mstari mmoja nitakuwa nimewapunja. Leo naomba nianzie mbali kidogo, kwenye jambo ambalo hatuulizi: hii ngoma wanawake waliianza kwa ajili ya nini? Nani aliona kwamba mtoto wa kike akivuka kwenda utu uzima lazima wanawake wakae duara, wapige msondo, wacheze? Ni ndefu, mwenye mtoto wa kunyonyesha akae vizuri.

Mtaani utasikia majibu matatu. Wa kwanza atakwambia ni uhuni, ni kufundisha watoto mauno. Wa pili atakwambia ni ushirikina, dini haitaki. Wa tatu, na huyu ndiye mwingi siku hizi, kwake ni shughuli tu: sare za vitenge, spika kubwa, bajeti, video. Kwa maoni yangu wote watatu wameikuta ngoma ikiwa imeshazeeka, wakaisema kwa mavazi iliyovaa siku hiyo.

Tuanze na Wamakonde. Wana hadithi ya asili yao, na sisi tulioipata kwa mabibi tunaijua kwa namna tofauti tofauti. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala na mashine ya kurekodi sauti na ya kupiga picha za sinema, akaandika mengi, hadithi hii ikiwemo. Inasema kulikuwa na mtu aliyeishi peke yake porini, haogi, hanyoi, hali vizuri. Siku moja akachonga sanamu ya mti, umbo la mwanamke, akaisimamisha nje. Kulipokucha sanamu imekuwa mwanamke hai. Wakaenda mtoni Ruvuma wakaoga. Wakapata mtoto, akazaliwa amekufa. Wakahama wakapanda juu kidogo. Wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakapanda tena mpaka juu ya uwanda, Mahuta, ambayo leo iko Tandahimba. Pale wa tatu akaishi. Ndiyo maana Wamakonde wakakaa juu, mbali na mabonde na mito.

Isome tena kama mama, usiisome kama mtu wa makumbusho. Hadithi nzima ya kabila imejengwa juu ya mwanamke aliyezika watoto wawili. Kwa macho ya kinesi naona na kingine: bondeni kwenye maji kuna mbu, na malaria kwa mjamzito huua mtoto tumboni. Wale wazee hawakumjua mbu kwa jina lake la kitaalamu, ila waliona mtoto anaishi wapi na anafia wapi. Leo watu wanaishi bondeni, wanalima mpunga kule Kitaya na Mahurunga, na ndiyo sababu kliniki tunakupa vidonge vya SP na chandarua. (Mwenye mimba ambaye chandarua chake kimefunika kuku, tutaongea pembeni.)

Sasa fikiria ukoo unaojieleza hivyo. Hofu yake kubwa ni ipi? Ni uzazi: mama aende, arudi na mtoto. Kwa hiyo ukiuliza ngoma za wanawake wa huku zilikuwa zinaomba nini, mimi nadhani jibu limeshalala ndani ya hadithi.

Angalia vinyago vya Wamakonde wa upande wetu. Si hivi vya kuuzia watalii, nasema vya ngoma. Kuna kinyago cha uso wa mwanamke, na kuna kingine kinachovaliwa kifuani na tumboni: kibao cha mti mwepesi kilichochongwa matiti na tumbo la mimba, na chale zimezunguka kitovu. Vipo vingi kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani. Mchezaji anayekivaa ni mwanaume. Anatoka kwenye ngoma ya kumaliza jando na unyago akiwa mwanamke mjamzito, anakwenda polepole, anashika kiuno, anaonyesha uchungu. Waliofuga desturi hii waliamini anayetoka pale si fulani mtoto wa fulani, ni mzimu, mkubwa wa ukoo aliyerudi kuwaona watoto waliokua. Mimi hilo tumbo la mti lilinishika siku ya kwanza kuliona pichani. Nikajiambia, kumbe kulikuwa na mahali ambapo mwanaume alilazimika, mbele ya kijiji kizima, kubeba mimba walau kwa muda wa ngoma moja! Leo kuna baba anamleta mkewe mpaka getini anasema "mambo ya wanawake haya", anageuza bodaboda.

Kwa Wamakua, majirani zetu wa Masasi na ng'ambo ya Ruvuma, asili yao wanaipeleka mlima Namuli, Msumbiji. Kwao ukoo unafuata mama, kama kwa Wamakonde na Wayao. Na pembeni ya kila mkuu wa ukoo kuna mwanamke mkubwa, dada au shangazi yake, wanamwita pwiyamwene. Huyo ndiye anayeshika unga wa mtama na kuwaombea watu kwa wahenga. Anamwaga unga chini ya mti, anataja majina, anaomba. Mvua, safari, ugonjwa, mtoto anayevuka: kwanza unga wa mama huyo. Ngoma inafuata baada ya unga.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho bibi yangu alikuwa akikifanya na sisi watoto tukicheka. Kabla msondo haujapigwa alikuwa anachukua unga kidogo kwenye kiganja, anasogea kwenye mwembe, midomo inacheza, halafu anarudi kukaa. Na sisi ni Waislamu. Akimaliza unga anasoma Fatiha. Kwake havikugombana. Shehe wa mtaani kwetu alikuwa anajua, na yeye alikuwa anangoja pilau kama wengine.

Msije mkadhani haya ni ya kwetu tu. Malawi, kwenye vilima vya Chongoni, kuna michoro kwenye miamba, UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, mwaka uleule na michoro yetu ya Kondoa. Kuna maeneo 127. Sehemu ya ile michoro, ile ya udongo mweupe, ni ya wanawake wa Kichewa, na inahusishwa na chinamwali, unyago wa kule. Wanawake walipanda mapangoni na mabinti, wakachora wanyama na alama za kufundishia. Na kabla ya Wachewa kulikuwa na watu wengine waliochora kwa rangi nyekundu, miduara na mistari, na wataalamu wanaihusisha na kuomba mvua na uzazi. Ni darasa la mwambani, shule ya wanawake ambayo hakuna mkoloni wala mmishenari aliyeijenga.

Zambia, kwa Wabemba, mwaka 1931 mama mmoja Mwingereza, Audrey Richards, alikaa akaitazama chisungu, unyago wao, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilichukua siku 23. Aliyeiongoza anaitwa nachimbusa. Na huyo nachimbusa, ngoma ikiisha, kazi yake nyingine kijijini ni ipi? Mkunga. Aliyekuchezea ndiye atakayekupokelea mtoto. Kwa Wayao huku kusini kuna ngoma ya mimba ya kwanza, litiwo, na wanaoiongoza ni kinamama walewale waliokucheza ulipovunja ungo. Yaani unyago ulikuwa na sehemu ya pili, na sehemu ya pili ilikuwa leba.

Nikawa najiuliza kama huko zamani sana, kwenye mataifa yaliyoandika mapema, jambo hili lipo. Lipo. Misri ya kale walikuwa na mungu wa kike, Hathor, na mambo yake yalikuwa ngoma, furaha, na uzazi, vyote kwa pamoja. Wanawake wa hekalu lake walicheza wakitikisa njuga. Halafu kuna hadithi moja kwenye karatasi ya mafunjo iliyopo Berlin, ina zaidi ya miaka 3,500. Mwanamke mmoja ameshikwa uchungu, mzito, mimba ya watoto watatu, na mumewe amechanganyikiwa nje ya nyumba. Miungu wa kike wanaamua kwenda kumsaidia. Wanajigeuza. Unajua wanajigeuza kuwa akina nani? Wacheza ngoma! Wanafika mlangoni na njuga zao, wanamkuta baba wa watu hajielewi, wanamwambia tuache tumwone, sisi tunajua kuzalisha. Anawafungulia. Wanafunga mlango, wanazalisha watoto watatu salama, mmoja baada ya mwingine, wanawaosha, wanakata vitovu. Na wale watoto wanakuja kuwa wafalme.

Hii nimewasimulia wauguzi wenzangu zamu ya usiku, tukacheka mpaka tukaambiwa tupunguze sauti. Lakini ona: msimulizi hakuhitaji kueleza kwa nini wacheza ngoma wanajua kuzalisha. Na yule baba hakushangaa. Kwa watu wa wakati ule ilikuwa kawaida, kama leo usemavyo "nesi kaja". Sisemi ngoma ya Mtwara ilitoka Misri, hapana. Nasema wanawake wa sehemu mbalimbali, wasiojuana, walifikia jambo moja: pale ambapo maisha ya mama na mtoto yananing'inia, ngoma na mkono wa mkunga vilikaa chumba kimoja, na Mungu au wahenga wakaitwa waje.

Wakristo wenzangu wa Ndanda na Masasi wanamkumbuka Miriamu, kitabu cha Kutoka sura ya 15. Watu wameshavuka bahari, wamepona, anashika tari na wanawake wote wanatoka nyuma yake wakicheza. Na Waislamu tunasimuliwa jinsi Mtume alivyopokelewa Madina kwa nyimbo. Ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado kushuka mpaka Kisiwa cha Msumbiji, kuna ngoma ya wanawake inaitwa tufo, jina lake ndilo dufu letu. Wanavaa kanga za sare, wamepaka msiro usoni, wanakaa au wanapiga magoti kwa mstari, wanaimba kumsifu Mtume huku mabega na mikono vikitembea pamoja. Wenyewe wanasema ilianzia kwenye mapokezi yale ya Madina. Hapo mwanzo ilikuwa ya wanaume, leo wanawake wameibeba. Kwa hiyo anayesema ngoma na ibada havijawahi kukaa pamoja mwambie apande kivuko Kilambo.

Sawa. Na kiuno je? Najua mnangoja hapo.

Ngoma yetu inacheza kiuno, hatuwezi kujificha. Ila wanaosema kiuno ni kwa ajili ya mwanaume tu wanajua nusu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 linashauri mama mwenye uchungu asiye na matatizo aachwe atembee na akae wima, asilazwe chali kama mgonjwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanaotembea na kukaa wima hatua ya kwanza ya uchungu, hatua hiyo huwa fupi kwa wastani wa saa 1 na dakika 20 hivi. Mwongozo huohuo wa 2018 unashauri mama awe na mtu wake wa kumshika mkono leba, anayemchagua mwenyewe.

Sasa chukua hayo mawili: kuzungusha nyonga ukiwa wima, na mwanamke mkubwa pembeni yako unayemwamini. Unaona nini? Mimi naona mwali na nyakanga wake.

Nimewahi kuwa zamu na binti wa miaka 19 kutoka pande za Msimbati, mimba ya kwanza, analia anataka kwenda nyumbani. Aliyemsindikiza ni mama mkubwa wake. Yule mama hakusema maneno mengi. Alianza kugonga kwa vidole kwenye beseni la plastiki lililokuwa na nguo za mtoto, taratibu, mapigo ya msondo kabisa. Binti akanyamaza. Akasimama, akashika kitanda, nyonga zikaanza kufuata lile beseni. Kila uchungu ukija mama anagonga, ukiondoka anaacha. Hakuna aliyemfundisha siku ile. Alifundishwa miaka iliyopita, ndani, na mwili ulikuwa umetunza. Alijifungua salama alfajiri, mtoto kilo 3.1.

Na sijawahi kuona kwenye kozi yangu ya diploma mtu akitaja beseni.

Basi ngoma ilipotezaje sala yake? Hapa nitapita haraka. Kwanza, wengi waling'olewa kwao. Mikindani na Kilwa zilikuwa bandari za kusafirisha watumwa, na wanawake wa Kiyao, wa Kimakua na wengine walivushwa Zanzibar na unyago wao kichwani. Kule ngoma ikakaa, ikachanganyika na ya watu wengine. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliufundisha maisha yake yote na msondo wake akaufikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Pili, dini. Masasi kulikuwa na askofu Mwanglikana, Vincent Lucas, tangu 1926 hadi 1944. Huyu hakupiga marufuku. Alijaribu kuubatiza: jando likawa na misalaba na mapadri, na mabinti wakatengenezewa mafunzo yao ya Kikristo. Jando lilikubalika zaidi. La mabinti lilikuwa gumu, na sishangai: huwezi kupanga somo la wanawake ukiwa wewe ni askofu mwanaume mgeni na wenye somo hawakufungulii mlango. Tatu, jukwaa. Baada ya Uhuru sindimba yetu ikawa ngoma ya kupokelea wageni wa serikali, kiuno kikabaki, unga wa mtama ukaachwa nyumbani. Na nne ni sisi wenyewe, na spika zetu na kigodoro hadi asubuhi. Ukimuuliza binti wa leo kwenye shughuli yake, "nyakanga alikuombea nini?" atakuangalia.

Na hapa ndipo naacha kusifu.

Zamani mwali alichezwa akishavunja ungo, baada ya mavuno, chakula kipo. Mwili wake ndio ulioita ngoma. Siku hizi kalenda ya shule ndiyo inayoita: likizo ya Juni, likizo ya Desemba. Na kwa kuwa korosho imelipwa na ndugu wamekusanyika, watoto wanabebwa kwa mkupuo, wa miaka 13 pamoja na wa miaka 8, hata 7, ili gharama iwe moja. Jamani. Mtoto wa miaka 7 anaambiwa "sasa umekuwa mtu mzima" na anafundishwa mambo ya unyumba. Yale maneno yalikuwa ya mtu anayekaribia kuolewa. Ukimpa mtoto wa darasa la pili hukumcheza, umemvua ulinzi wake. Akitoka pale na wanaume wa mtaani nao wamesikia vigelegele wanajua "huyu keshachezwa". Sisi tunawapokea kliniki ya wajawazito. Kitaifa, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Nyonga ya mtoto haijakamilika. Anapata kifafa cha mimba, uchungu unakwama, wengine wanaishia na fistula. Ngoma iliyozaliwa kuzuia mama asife, tukiigeuza ikawa ndiyo inayompeleka mtoto leba, wahenga wenyewe wasingeipokea.

Niseme na hili maana dada zangu wa mikoa mingine huwa mnachanganya: unyago wa kwetu si ukeketaji. Huku hatukati. Mkisikia "mwali" msitetemeke hivyo.

Kwa hiyo jibu langu, mliouliza. Mtoto ambaye hajavunja ungo asichezwe, hata kama bibi yake ameshanunua kitenge. Aliyevunja, muulize yeye mwenyewe kwanza. Akikubali, mjue nyakanga wako kwa jina na kwa tabia, kaa naye chini kabla, mwambie nini unataka na nini hutaki: usafi wa hedhi, heshima, kujitunza, kusema hapana, kumtambua mtu mwenye nia mbaya hata akiwa ndugu. Ya unyumba yasubiri, yana wakati wake, litiwo na kuchezwa kwa bibi harusi vilikuwepo kwa kazi hiyo. Asikose shule hata siku moja. Na shughuli ikiisha usimwambie amekuwa mkubwa. Mwambie ameanza kukua. Nyakanga wengi ni watu wa kusikia, mimi nimezungumza nao. Ukiwaendea kwa kuwafokea na kitabu cha mradi mkononi wanaitikia tu "ndiyo mwanangu" halafu wanaendelea. Ukiwaendea kwa adabu, ukawaambia wao ni wakunga wenzangu, wanakwambia mpaka ya ndani.

Yangu mimi sasa, maana mtasema nesi anashauri ya watu tu. Binti yangu ana miaka 9. Mama yangu anataka Desemba hii. Ana miaka 71, presha na miguu inavimba, na msondo wa bibi uko kwake, umefungwa kwenye shuka juu ya kabati. Nilimwambia hapana, asubiri avunje ungo na amalize darasa la saba. Hakugomba. Alikaa kimya akipepeta mchele, halafu akaniuliza, "Na mimi nikiwa sipo, nani atamtaja kwa wakubwa zake?"

Hilo swali halina jibu la kinesi. Nililala nalo siku tatu. Ningekuwa naamini ngoma ni uhuni ningelala usingizi mzuri. Lakini sasa naelewa anachoogopa si shughuli, sare wala pilau. Anaogopa mjukuu wake aje kufika leba siku moja bila mtu yeyote wa ukoo, aliye hai au aliyekufa, kuwa amesikia jina lake.

Nilirudi kwa mama nikamwambia hivi: kucheza kunasubiri, kumtaja hakusubiri. Mtaje sasa. Akaniangalia kama ananiona mara ya kwanza. Akasema hivyo haifanyiki, unga unakwenda na ngoma. Nikamwambia mama, wewe ndiye mkubwa, ukisema inafanyika itafanyika. Akasema atafikiri. Jumapili akapiga simu: nimpeleke mtoto likizo, bila vitenge, bila watu. Atamwagia unga chini ya mwembe, atamsomea Fatiha, na jioni atamfundisha kushika msondo, kupiga tu, kiuno hapana. Ngoma ya kuvuka itakuja wakati wake. Kama yeye hatakuwepo, mama mkubwa wa mtoto ameshaambiwa msondo uko wapi.

Nimekata tiketi tayari, tarehe ya kufunga shule. Mtoto anauliza kama bibi ana chaja.

Sehemu ya 7 nitawaletea kifafa cha mimba, dalili zake na lini ukimbie hospitali bila kungoja asubuhi. Mwenye mimba ambaye kichwa kinauma sana na macho yanaona nyota, usingoje sehemu ya 7. Nenda sasa hivi.